Kompyuta Yenye Homa

Mambo yaliharibika Jumanne ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, jua likiwa halijaanza hata kukasirika. Mzee Sponji alikuwa amepiga magoti sebuleni, misumari midogo imejaa mdomoni, akilivalisha kochi la mteja kitambaa kipya, aliposikia yowe la binti yake kutoka nyuma ya pazia.

"Mungu wangu! Imekwenda tena!"

Mzee akaitema misumari kiganjani, akanyanyuka na magoti yake yanayolia kama bawaba kavu. Nyuma ya pazia ndiko walikolala binti na mumewe, na chini ya dirisha, juu ya meza aliyoiunga mzee mwenyewe kwa mabaki ya mbao za makochi, ndipo ilipokaa kompyuta ya idara ya maji. Kioo kilikuwa cheusi tii. Binti kashika tama, rundo la karatasi za mita limemkodolea macho.

"Ulihifadhi?" mzee aliuliza. Neno hilo alikwisha kulijua.

"Nilihifadhi, Baba. Lakini nusu saa yote imepotea. Mimi nimejifunza kuhifadhi mapema, na yenyewe imejifunza kuniwahi."

Mzee aliweka kiganja ubavuni mwa lile boksi la chuma, akakiondoa upesi. Lilichoma kama tumbo la pasi.

Idara ya maji ilikuwa imewachukua vijana kwa majaribio, wakaambiwa ofisi haina nafasi, kila mmoja abebe kompyuta yake akafanyie kazi nyumbani, umeme juu yake. Kazi yenyewe ni kuingiza tarakimu za mita, nyumba kwa nyumba, kutoka kwenye karatasi za wasoma mita. Ijumaa ile Meneja angetazama nani kafika wapi. Wawili wangepata ajira ya kudumu, waliobaki wangeambiwa asante na msalimie nyumbani. Hapo ndipo matumaini ya nyumba nzima yalipoegemea, maana makochi siku hizi watu wananunua dukani yakiwa tayari, na mkwe alikuwa amepunguzwa kazini tangu kiwanda chao kilipopata mkurugenzi mpya mwenye mikakati.

Simu ikalia. Binti akaipokea amesimama, kama kwamba aliyepiga alikuwa anamwona.

"Shikamoo, bosi... Hapana, silali, bosi... Inazima yenyewe... Ndiyo, nitakuja kueleza." Aliiweka simu mezani taratibu. "Meneja anasema kwenye mfumo wao naonekana naingia natoka, naingia natoka, kama mtu mwenye tumbo la kuendesha."

"Kasema hivyo?"

"Na wenzake wakacheka. Niliwasikia."

Mke wa Mzee Sponji alifia kwenye benchi la hospitali, mashine ya kumsaidia kupumua ikiwa imefungiwa chumbani na mkubwa mmoja aliyeondoka na ufunguo kwenda kwenye semina. Tangu siku hiyo mzee hakuwa tena na imani na mtu yeyote mwenye ufunguo.

Binti alipokwenda ofisini, mzee alikaa juu ya kochi lisilo na mgongo akawaza. Na mtu wa aina yake akiwaza, hawazi jambo, anawaza watu. Wa kwanza akawa mkwe.

Mkwe alirudi kutoka kutafuta kibarua, jasho limemganda shingoni.

"Mkwe," mzee alianza kwa sauti ya upole isiyo na upole wowote, "mwenzio akienda sokoni, wewe unaifanyia nini ile kompyuta?"

"Siifanyii kitu, Baba."

"Juzi nimesikia milio. Tu-tu-tu. Kama vita."

Mkwe akainamisha kichwa. "Nilicheza kidogo. Mara moja tu. Kichwa kilikuwa kimejaa."

"Mara moja." Mzee alitikisa kichwa. "Mwizi wa mayai naye huanza na moja."

"Baba, mchezo ule ni wa kupanga karata. Hautoi hata moshi wa sigara. Kama unatafuta wa kumlaumu..." Mkwe alisita. Macho yake yaliteleza yakaenda sakafuni, kwenye chembe za sponji zilizotapakaa kama theluji ya kwenye kalenda, kisha yakarudi haraka. Lakini mzee alikwisha kuyaona yalikopita.

"Sema. Malizia."

"Sijasema kitu."

Na kweli hakusema, lakini msumari ulikwisha kuingia. Tangu kompyuta ile ianze kuugua, mzee mwenyewe hakuwa na usingizi. Sponji anakata yeye. Vumbi la makochi ya zamani, lile linalotoka ukipasua kitambaa kilichokaliwa na watu wa kila tabia, analitimua yeye. Alikuwa ameanza kukatia sponji uani, kisirisiri, na asubuhi kabla binti hajaamka alipangusa meza ile kwa kitambaa chenye maji. Alimshuku mkwe, akaishuku idara ya maji, akamshuku hata jirani aliyekuja kuazima ungo akachungulia pazia. Lakini aliyemshuku kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe, na huyo hakuweza kumwita akamhoji.

Binti alirudi adhuhuri, macho mekundu.

"Wamesemaje?"

"Niliongea na Mtaalamu, yule wao wa kompyuta. Hakuiona, hakuigusa. Akaniuliza tu, baba yako si yule wa makochi? Nikasema ndiye. Akasema, basi jibu si unalo? Hiyo prosesa inachemka kwa sababu ya uchafu wa nyumbani kwenu. Niirudishe Ijumaa waikague."

"Uchafu wa nyumbani kwetu," mzee alirudia polepole.

"Alisema vumbi."

"Umesema uchafu."

Binti alifungua dirisha lote, akawasha feni ya meza akaielekeza kwenye boksi, akaanza tena kuingiza tarakimu, mwenyewe akivuja jasho ili mashine ipate upepo. Ilikwenda kidogo, ikazima.

*

Jumatano, binti alipokwenda kuazima kompyuta ya rafiki yake angalau kwa nusu siku, mzee alimwita mkwe.

"Beba hilo boksi. Twende kwa Waya."

"Baba, kuna kibandiko. Kimeandikwa kisikatwe. Mke wangu alisema..."

"Mke wako ni binti yangu. Beba."

Waya alikuwa fundi wa mambo ya umeme mwenye kibanda karibu na mashine ya kusaga. Alipata jina hilo kwa wembamba wake, wala si kwa kazi yake. Alilipokea boksi, akaligeuza, akakiona kile kibandiko cha rangi ya fedha kilichobandikwa juu ya skrubu, akaondoa mikono kama aliyeshika kitu cha maiti.

"Mzee wangu, hii ni mali ya ofisi. Mimi sikati. Kesho nitaitwa mwizi wa vipuri."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana. Nina watoto."

Mzee alimtazama kwa jicho la pembeni. Fundi anayekataa kazi? Au kuna jambo analijua? Lakini moyoni kulikuwa na sauti nyingine ikimwambia: fungua, Mzee Sponji, uone kama ni wewe. Akachomoa kisu chake cha kupasulia vitambaa, akakipitisha juu ya kibandiko. Kilikatika bila sauti.

"Haya. Mkataji ni mimi. Wewe fungua."

Mkwe aliziba uso kwa viganja.

Waya alivuta ubavu wa boksi, akamulika kwa tochi. Mzee alijisogeza hadi pumzi yake ikawa inamgonga fundi sikioni. Alitarajia kukuta godoro zima humo ndani.

"Vumbi liko wapi?"

"Lipo kidogo. La kawaida. Hata nyumba ya waziri ina vumbi hili."

"Sponji je?"

"Sponji hakuna, mzee."

Mzee Sponji alikaa chini juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alitaka kucheka, akaona aibu, akakohoa.

"Feni inazunguka," Waya aliendelea. "Sasa kwa nini kichwa kinachemka?" Alilegeza skrubu nne, akalinyanyua lile dude la chuma lenye mapezi mapezi lililokaa chini ya feni. "Hili ndilo linalonyonya joto la prosesa. Prosesa ndiyo bongo la kompyuta, na bongo likifanya kazi linapata moto. Likizidi sana, linajizima lenyewe lisije likaungua. Sasa..."

Akaligeuza lile dude tumbo juu, akakwaruza kwa ukucha. Kitu chembamba kikainuka ukingoni, kinang'aa, chenye kimkia cha kushikia. Waya akaanza kucheka, cheko la tumbo, hadi tochi ikaanguka.

"Nailoni! Wameacha nailoni!"

"Nailoni gani?"

"Chuma hiki kikiwa kipya kinakuja kimebandikwa nailoni chini, kisichubuke njiani. Ukifunga, unaitoa kwanza, ili chuma kigusane na prosesa. Huyu aliyefunga hakuitoa. Mzee wangu, ni sawa na kummwagia maji mgonjwa wa homa huku umemvalisha koti la mvua!"

Mkwe naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe kazi. Mzee hakucheka. Nailoni alizijua. Alikuwa na wateja waliokalia makochi yenye nailoni mwaka hadi mwaka, wakitoa jasho na kuteleza, kisa kitu kibaki kipya. Kila sebule mtaani ilikuwa na rimoti yenye nailoni yake. Lakini wale walikuwa watu wa kawaida wanaoogopa kwamba hawatanunua tena. Hawa wa ofisi walikuwa na Mtaalamu.

"Anayelipwa mshahara kaacha nailoni," alisema, "halafu nyumba yangu ndiyo chafu."

Waya alishika kile kimkia ili avute.

"Usitoe!" mzee alimkamata mkono. "Hiyo ndiyo shahidi wetu. Tukiitoa, watasema hapakuwa na kitu."

"Usipoitoa, binti hafanyi kazi. Ijumaa ni keshokutwa."

Walitazamana wote watatu. Ushahidi au kazi? Mkubwa angeweza kuvipata vyote viwili, mnyonge anaambiwa achague. Mwishowe Waya aliivuta nailoni, akapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto kidogo juu ya prosesa kama mtu anayempaka mtoto mafuta ya kifua, akafunga. Mzee aliikunja ile nailoni kwenye leso, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

*

Binti alipoona kompyuta inafanya kazi na ubavu wake umepoa, alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja tu. Kisha akaiona skrubu, kibandiko chake kimekatwa.

"Nani kakata?"

Mkwe alisoma kalenda ya ukutani kwa makini ya ajabu.

"Mimi," mzee alisema. "Na nimemkamata mwizi. Tazama." Akafungua leso kama mtu anayefungua posa.

Binti aliitazama ile nailoni juu ya kiganja cha baba yake. Halafu akatazama sebuleni. Nyuma ya kochi kulikuwa na robota la nailoni za kufungia makochi mapya. Vipande vilining'inia msumarini, vingine vimeshindiliwa chini ya meza.

"Baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu kuliko hasira. "Nyumba hii ina nailoni kuliko sahani. Nikienda na kipande cha nailoni, nitamwambia nani kimetoka kwenye kompyuta?"

Hilo mzee hakuliwaza kabisa. Alikuwa amewashuku watu wote mtaani, lakini hakukumbuka kwamba na yeye anashukiwa.

"Ina kimkia," alijitetea. "Zangu hazina kimkia."

"Kimkia kinakatwa kwa mkasi. Una mikasi mingapi?"

"Waya atashuhudia."

"Waya! Anayenunua vipuri mlangoni bila kuuliza vimetoka wapi? Ukimpeleka yeye, nafungwa kabisa." Alikaa kwenye kiti chake. "Ungeniuliza tu, Baba. Ningesema tuirudishe kama ilivyo, waifungue wenyewe mbele yangu."

"Wangesema ni vumbi langu."

"Wangesema. Halafu wangefungua."

Binti aligeukia karatasi zake akafanya kazi hadi usiku, na kesho yake vilevile, vidole vikigonga kama mvua juu ya bati, na kompyuta haikuzima hata mara moja. Mzee alishona kochi bila kupiga nyundo, asimsumbue. Kila alipoinama, ile nailoni ilimkwaruza kifuani.

*

Ijumaa walikwenda wote wawili. Binti alitaka kwenda peke yake, mzee akasema boksi ni zito. Getini mlinzi aliwasimamisha.

"Mzee unakwenda wapi?"

"Nampeleka binti."

"Binti hana miguu? Mfukoni una nini?"

Mzee akatoa kisu chake cha kazi. Mlinzi akakiweka juu ya dirisha lake, akamtazama tena juu hadi chini, kuanzia viatu vilivyoliwa visigino. "Zamu yenu ikifika mtaitwa. Mzee usikae kwenye hilo kochi, ni la wageni."

Mzee akalitazama kochi lile. Aliyelishona alikuwa ameruka mishono. Akasimama.

Chumba cha Meneja kilikuwa na kiyoyozi, na Meneja alikuwa amevaa koti kwa sababu ya baridi lake. Mtaalamu alisimama pembeni, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Karibu na mlango alikaa mwenzake na binti, wa majaribio pia, dada mwenye miwani, boksi lake la kompyuta mapajani akisubiri zamu. Mtaalamu alilipokea boksi la binti, akaligeuza moja kwa moja kwenye skrubu. Hakuhangaika kutafuta.

"Kimekatwa, bosi."

Meneja alivua miwani. "Binti, kazi umefanya nzuri, hizi siku mbili umekimbia kama umepandwa na mashetani. Lakini hii ni nini?"

"Nimekata mimi," mzee alisema.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni baba yake. Kompyuta mlimpa mbovu. Hii ndiyo iliyokuwa inaichemsha." Leso ikafunguliwa juu ya meza pana ya Meneja, na kile kipande cha nailoni kikaonekana kidogo sana pale, kidogo kuliko kilivyokuwa nyumbani. "Ilikuwa juu ya prosesa. Aliyefunga hakuitoa."

Meneja aliitazama, akamtazama mzee. "Mzee, wewe shughuli yako si makochi?"

"Ndiyo."

"Makochi mapya mnayafunga kwa kitu gani?"

Masikio ya mzee yalipata moto.

"Nauliza tu. Mnayafunga kwa kitu gani?"

"Kwa nailoni."

"Basi." Meneja akacheka kidogo, kistaarabu. Lakini Mtaalamu hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya leso, anakitazama kile kimkia, na alikitazama zaidi ya inavyohitajika kutazama takataka. Kisha akanyooka, akasema kwa haraka: "Hata kama ilikuwemo, imeingia baada ya kufunguliwa. Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa imefungwa na mimi."

"Na wewe?" mzee alisema. "Kumbe ni wewe uliyefunga?"

"Mzee, punguza sauti," alisema Meneja. "Hapa si gereji. Binti, mali ya ofisi imefunguliwa bila kibali. Huenda kuna kitu kimetolewa, huenda hakuna, sijui, na wewe hujui. Siwezi kukupa ajira nikiwa na shaka. Acha mashine hapa, uende, uchunguzi ukikamilika utapigiwa."

"Uchunguzi atafanya nani?" mzee aliuliza.

"Mtaalamu."

Mzee akataka kusema, binti akamgusa mkono. "Baba, basi. Tafadhali." Mzee akarudi nyuma hatua moja. Alijua ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe, aliyewapa watu hawa kisingizio walichokuwa wanakitafuta.

Binti akaanza kuzikusanya karatasi zake. Dada mwenye miwani, ambaye wote walikuwa wamemsahau, akajikohoza.

"Samahani, bosi. Hata yangu inachemka. Inazima zima tu. Niliogopa kusema."

Meneja akavaa miwani yake tena. "Yako haijafunguliwa."

"Haijafunguliwa, bosi. Kibandiko hiki hapa."

"Basi yako ni suala jingine. Itapangiwa siku yake."

"Naweza kuichukua sasa hivi nikaitazame ofisini kwangu," Mtaalamu alisema, na mkono wake ulikwisha kunyooka. Dada mwenye miwani, bila kufikiri, akaikumbatia kompyuta yake kama mama anayepokonywa mtoto.

Binti aliziacha zile karatasi. Mzee alimwona anasogea akasimama katikati ya Mtaalamu na yule dada, yeye ambaye tangu asubuhi alikuwa akimnong'oneza baba yake anyamaze, ashushe macho, aseme ndiyo bosi.

"Hapana, kaka. Isitoke humu ndani." Sauti yake haikupanda. "Bosi, mwenzangu hana baba wa makochi. Baba yake ni mwalimu. Kibandiko chake ni kizima na sote tunakiona. Kama kikikatwa hapa, juu ya meza yako, kwa mkono wako mwenyewe, na humo ndani tukakuta nailoni, je, utasema nayo ameiweka nani?"